Habari za Afya: Azimiaye kwa Kugeuka

Wengi wetu twakijua kisunzi kimpatacho mtu ainukapo kitandani kwa haraka. Mtu asimamapo, damu kiasi cha nusu lita, au hata lita nzima, hushukia tumboni na miguuni. Mishipa haina budi kujikaza, na moyo kupiga upesi zaidi. Vikikawia, macho huingia giza na mtu huanguka. Huwapata sana wazee, waharao, na wanywao dawa za kushusha nguvu ya damu. Na alazwe chali, miguu iinuliwe; asisimamishwe kwa nguvu, kama wafanyavyo wengi kwa huruma isiyo na maarifa.

Lakini yupo mwingine, ambaye kwa ajili yake tumeshika kalamu. Huyu huzimia akiinama, akiketi, au akigeukia ubavu. Akibadili tena namna ya kukaa, fahamu humrudia. Majirani husema amerogwa, maana ni ugonjwa gani ungojao mtu ageuke?

Ugonjwa huo upo, ingawa ni wa nadra sana. Ndani ya chumba cha juu cha moyo, aghalabu cha kushoto, huota uvimbe laini uning'iniao kwa kikonyo kama tunda. Mwili ugeukapo, uvimbe nao hucheza, ukauangukia mlango wa moyo na kuuziba, damu isipite. Kwa kawaida si saratani. Hata hivyo vipande vyake huweza kumeguka na kuchukuliwa na damu mpaka ubongoni, mtu akapooza. Pengine huleta homa na kukonda, watu wakadhani ni kifua kikuu.

Zamani ulijulikana mtu akiisha kufa. Mwaka 1954, huko Stockholm katika nchi ya Uswidi, daktari Clarence Crafoord aliutoa moyoni mwa mgonjwa, naye akapona. Siku hizi chombo kitazamacho moyo kwa mawimbi ya sauti huuonyesha pasipo kisu, na wengi wapasuliwao hupona kabisa.

Basi, mwalimu au mzazi, mtu akizimia mbele yako, tazama alikuwa amekaaje kabla ya kuanguka, na alikaaje alipozinduka. Yaandike hayo katika karatasi, aende nayo kwa daktari. Kwani mgonjwa huyu akilala kimya kitandani hospitalini huenda asionyeshe dalili yo yote, akarudishwa nyumbani kama mtu mzima wa afya.