Ghala Linalompa Mkulima Uwezo wa Kungoja

Katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua, mwezi wa saba malori hutoka vijijini yamesheheni mahindi. Ikifika Januari, kaya nyingi zilizouza mahindi hayo ndizo zinazosaka debe la kununua, kwa bei iliyokwisha kupaa. Shamba lilizaa na jembe lilifanya kazi yake. Kilichowashinda ni ada ya shule, deni la mbolea na gharama za matibabu, mambo yasiyosubiri bei ya soko. Toleo hili linahusu benki za chakula za jamii, yaani maghala ya pamoja, na msimamo wetu ni kwamba thamani kubwa ya benki hizo imo katika kumpa mkulima uwezo wa kungoja.

Faida ya kungoja imekwisha kupimwa. Marshall Burke, Lauren Bergquist na Edward Miguel walifanya utafiti kwa wakulima wa mahindi magharibi mwa Kenya na kuuchapisha mwaka 2019. Wakulima waliopata mkopo wakati wa mavuno waliweza kuhifadhi mahindi yao na kuyauza baadaye, wakapata faida ya wastani wa takriban asilimia 29 ya kilichowekezwa. Hawakuongezewa ekari wala mbegu mpya. Tena, pale ambapo wakulima wengi walihifadhi kwa pamoja, bei ya wakati wa mavuno haikuporomoka sana, hata jirani asiyekopa akanufaika. Ndiyo maana tunasema jambo hili ni la jamii nzima.

Asiye na pa kuweka mazao yake huwa mateka wa mwenye fedha taslimu. Kagera wanaifahamu butura, kahawa inayouzwa ingali mtini. Mtwara na Lindi wanaifahamu kangomba, ununuzi wa korosho nje ya mfumo rasmi kwa bei ya chini. Muuza nafaka naye hukutana na lumbesa, gunia lililoongezewa kilemba juu na kulipwa kama gunia la kawaida. Akiwa peke yake barazani kwake, hana la kufanya. Wakiwa kikundi chenye ghala moja na mzani mmoja, mnunuzi hulazimika kukaa nao mezani.

Wahenga walisema akiba haiozi, lakini mahindi huoza. Dumuzi, mdudu anayetafuna nafaka, aliingia Tanzania kupitia Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970, na tangu hapo gunia lililohifadhiwa ovyo huweza kugeuka vumbi kabla ya masika. Sumukuvu, sumu inayotokana na kuvu wa nafaka, ni hatari zaidi: mwaka 2004 iliua watu 125 nchini Kenya, na mwaka 2016 ikaleta vifo Dodoma na Manyara. Kwa hiyo ghala zuri ni darasa pia. Anayepokea mahindi hutia punje kiasi na chumvi kavu kidogo ndani ya chupa kavu ya kioo, akaifunga na kuitikisa. Chumvi ikinata kwenye chupa, mahindi bado yana unyevu na hurudishwa juani, hata kama ni ya mwenyekiti. Yaliyokauka hupimwa na kujazwa kwenye mfuko wenye matabaka mawili ya plastiki ndani. Hewa hukamuliwa, kila tabaka likafungwa peke yake, na mfuko ukapandishwa kwenye chaga mbali na ukuta. Mdudu aliyesalia ndani hufa kwa kukosa hewa, bila dawa yoyote. Mwanachama akijifunza hivyo, hata magunia yaliyobaki nyumbani kwake hupona.

Hata hivyo, ghala peke yake halimkomboi mtu. Baada ya ukame mkubwa wa Sahel mwanzoni mwa miaka ya 1970, wafadhili walianzisha benki nyingi za nafaka katika nchi kama Burkina Faso, na nyingi zilikufa. Nafaka ya kwanza ilikuwa zawadi, kwa hiyo waliokopa hawakuona uchungu wa kutorudisha, na kamati ziliona haya kuwadai ndugu na majirani. Niger baadaye walishika njia nyingine. Mkulima huweka uwele wake mwenyewe ghalani, na mlango hufungwa kwa kufuli mbili: ufunguo mmoja wa kikundi, wa pili wa taasisi ya mikopo. Kwa dhamana ya uwele huo hupata fedha za kunenepesha kondoo au kulima bustani wakati wa kiangazi. Bei ikipanda hulipa deni na kuchukua mali yake. Mtu hulinda alichokiweka kwa jasho lake.

Njia kama hiyo ina sheria kwetu pia: Tanzania ilitunga sheria ya stakabadhi ghalani, yaani hati ya mazao yaliyowekwa ghalani inayoweza kuwa dhamana ya mkopo, mwaka 2005, na Kenya mwaka 2019. Mfumo huo umezoeleka kwenye mazao kama korosho. Tunataka umfikie mwenye magunia matano ya mahindi.

Wapo pia wasio na cha kuweka: mzee asiye na msaada, mgonjwa, mama aliyefiwa katikati ya msimu. Ghala la jamii litenge fungu lao kila mavuno, tena liandikwe kwenye katiba ya kikundi ili wasiombe kila mara. Mwenye nguvu aliyekwama tu naye asaidiwe kwa kukumbuka kwamba mgeni wa siku ya tatu hupewa jembe: akopeshwe nafaka, arudishe nafaka, na msimu unaofuata awe mwanachama mwenye sauti mkutanoni.

Makala zilizomo humu zinaeleza ujenzi, hesabu na uongozi wa maghala haya. Tunaziomba halmashauri na wafadhili watakaozisoma waache kuuliza ni magunia mangapi yamegawiwa. Waulize ni wanachama wangapi wameweka, wangapi wamerudisha mkopo, daftari linasomwa hadharani mara ngapi, na ni lini kikundi kitajiendesha bila ruzuku. Majibu ya maswali hayo ndiyo yaamue fedha ziende wapi.