Sabuni Kwanza, Sadaka Baadaye

Maadamu mtaala mpya wa mwaka 2023 umeifanya Elimu ya Biashara kuwa somo la lazima katika sekondari, mwalimu mwenye bidii hana budi kutafuta njia ya kulitoa somo hilo ubaoni na kulifikisha sokoni. Na katika njia zilizopo, mojawapo inayovutia sana ni kuwapa wanafunzi vikapu watembeze bidhaa nyumba hata nyumba, kisha faida ipelekwe kwa wagonjwa, mayatima na wasiojiweza. Mimi ni miongoni mwa wanaotamani kuiona rai hii ikitendwa Sumbawanga, kuanzia Mazwi mpaka Katandala na Chanji, na nje ya mji mpaka Laela na Matai. Ila naiwekea sharti moja, nalo najua halitawapendeza wengi: mwanafunzi abishapo hodi, auze kwanza, na habari ya sadaka aitaje baada ya kupatana bei.

Ufipa, nchi ya uwanda uliouzunguka mji huu, si ngeni kwa tijara. Kabla ya majembe ya ng'ambo kujaa madukani, watu wa uwanda huu waliyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo ziitwazo malungu, na majembe yao yakabadilishwa kwa mali za majirani, sawa na vitambaa vya pamba vilivyofumwa upande wa bonde la Rukwa. Leo uwanda huohuo hulisha mikoa mingine kwa mahindi na maharage, lakini mkulima wake aghalabu ni hodari wa kulima na dhaifu wa kuuza: mnunuzi hufika na lori mara baada ya mavuno, wakati mahitaji ya nyumba yamekwisha kumsonga mwenye mali, hutaja bei apendayo, na gunia hushindiliwa likavishwa kilemba cha lumbesa ambacho sheria ya vipimo imekikataza na ambacho Wakala wa Vipimo hawajachoka kukikemea. Elimu ya Kujitegemea, aliyoitangaza Mwalimu Nyerere mwezi wa Machi 1967, ilimpa mwanafunzi jembe na shamba la shule, na kwa hilo ilitenda wema usiosahaulika. Lakini mazao yalipokwisha kuvunwa, ama yaliliwa bwenini, ama wakubwa wa shule waliyauza kwa jumla, na yule aliyelima hakupata kusikia mabishano ya bei wala kujua kwa nini debe lake limethaminiwa hivi na la jirani vile.

Mabishano hayo ndiyo darasa lenyewe. Kijana aliyepika sabuni ya mche kwa mawese na kostiki soda, akaijua gharama ya kila mche hata senti ya kuni, akaenda kusimama mbele ya mama wa nyumba ambaye ameona sabuni nyingi kuliko yeye, ataambiwa haina povu, ataambiwa ya dukani ni nafuu, ataombwa aiache mali kauli mpaka mwisho wa mwezi. Na katika kila neno la hayo yamo mafundisho ambayo hakuna kitabu kiwezacho kuyatoa kwa ukamilifu. Neno la thamani kuliko yote atakalolipata huko ni “sitaki”. Likisemwa bila ghadhabu na likapokewa kwa murua, humpeleka mwuzaji nyumbani kutengeneza sabuni iliyo bora, au humjulisha kwamba mtaa ule hauna haja ya sabuni bali ya miche ya miti, au masweta ya kuvaa katika baridi ya Juni na Julai, ambayo kila mgeni wa mji huu huisimulia.

Sasa mweke kijana huyohuyo mlangoni, na neno lake la kwanza baada ya shikamoo liwe kwamba fedha hizi ni za wagonjwa. Mambo yote hubadilika. Mama yule hataitazama sabuni. Atatazama dhamiri yake, na macho ya jirani anayesikiliza uani. Akikataa, amewanyima wagonjwa. Akinunua, amenunua utulivu wa moyo, na sabuni mbovu imepata soko. Kijana ataondoka na fedha mkononi akidhani amejifunza kuuza, kumbe amejifunza kumtia mtu haya, na hiyo ni sanaa ambayo dunia haijawahi kupungukiwa na mafundi wake. Wala nisifahamike kuwa naubeza mnada wa kanisani, ambako boga moja huweza kununuliwa kwa bei ya gunia, watu wakashangilia. Pale kila mtu ajua kwamba boga ni kisingizio na sadaka ndiyo bidhaa, nao ni watu wazima waliokuja wenyewe. Mnada huo hakuna aliyepata kuuita shule ya biashara.

Hasara ya kuchanganya imani na mali tumekwisha kuionja katika nchi hii. Taasisi iliyojulikana kwa jina la DECI, ambayo serikali iliizuia mwaka 2009, iliwaita watu wapande mbegu za fedha ili wavune maradufu. Haikuuza sabuni wala kiberiti, maana fedha za aliyeingia leo ndizo zilizolipwa kwa aliyeingia jana, na baadhi ya viongozi wake, waliokuwa wachungaji, walitiwa hatiani na Mahakama ya Kisutu mwaka 2013. Swali ambalo lingaliwaokoa wengi ni fupi: kinachouzwa hapa ni nini, na nani angalikinunua kwa ajili yake chenyewe? Kijana aliyezoea kuulizwa swali hilo mlangoni atajua kuliuliza siku atakapoitwa katika biashara ya mtandao na kuahidiwa utajiri, si kwa kuuza kitu, bali kwa kuandikisha wenzake wawili, nao waandikishe wawili wao.

Liko jambo jingine linalonikera zaidi, nalo ni picha ya mhitaji. Anayeuza kwa huruma hana budi kumwonyesha anayehurumiwa, na punde si punde mtoto mwenye ualbino au mgonjwa kitandani hubandikwa juu ya kikapu kama nembo ya kiwanda. Katika mkoa ambao watoto wenye ualbino wamewahi kuwindwa kwa ajili ya viungo vyao, tendo hilo lapasa kututisha. Na tukumbuke kwamba Hospitali ya Jimbo Katoliki la Sumbawanga imepewa jina la Dkt. Adrian Atiman, ambaye alitekwa utumwani akiwa mtoto katika nchi za mto Niger, akakombolewa kwa fedha na Mapadre Weupe, akasomea utabibu Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kuwatibu watu wa pwani ya Ziwa Tanganyika hata alipofariki mwaka 1956. Yeye alijua maana ya mtu kutiwa bei.

Nitaambiwa kwamba kwa sharti langu fedha zitakazopatikana zitakuwa haba. Ni kweli, nami nakubali. Wala mnunuzi hafichwi kitu: bei ikisha kupatana, na aambiwe faida iendako, aandikiwe stakabadhi, na akipenda kuongeza, aongeze kwa hiari. Wanaotembea wawe wawili wawili, mchana, wasiwe chini ya miaka 14 ambayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeiruhusu kwa kazi nyepesi, na wazazi wasiwanunulie mzigo wote ili kuwapunguzia aibu. Marekani, ambako wasichana wa skauti wa Muskogee, Oklahoma, walianza mwaka 1917 kuuza biskuti walizooka wenyewe, siku hizi biskuti huokwa viwandani, na si ajabu kumwona mzazi akizitembeza ofisini kwa niaba ya binti yake.

Mwisho wa muhula hesabu isomwe na wanafunzi wenyewe mbele ya wazazi: mtaji uliotoka, miche iliyovunjika, mali kauli isiyolipwa, na faida. Sehemu ya faida ibaki kuwa mtaji wa muhula ujao, kwa sababu darasa litoalo yote, kisha likarudi mwakani kuwaomba wazazi fedha za kuanzia, litakuwa limekusanya michango kwa njia ndefu. Kwa kuanzia ningeridhika na robo ya faida. Wazazi wakiiona hesabu safi, wao wataamua iongezwe au ipunguzwe.