Nimepata 92, Shangazi Kaambiwa Arudi Jumatatu

Haya jamani, leo nina hasira. Mnivumilie.

Mwezi uliopita nimepata cheti. Kozi ya mtandaoni ya chuo kimoja cha ng'ambo, jina la chuo liacheni. Somo lenyewe ni mifumo ya taarifa katika taasisi. Wiki kumi na mbili nimekesha. Natoka chumba cha habari usiku, miguu inauma, nanunua bando, nawasha kompyuta, namsikiliza mwalimu ambaye kwao ndiyo kwanza jua liko utosini. Nikapata alama 92. Nikapiga picha cheti, nikawatumia ndugu wote.

Shangazi akanijibu: "Hongera sana mwanangu. Sasa njoo unisaidie, maana mimi mfumo umenikataa."

Shangazi yangu ni mwalimu mstaafu. Kafundisha shule za msingi zaidi ya miaka thelathini, na sasa anafuatilia mafao yake kwenye ofisi moja ya umma ambayo sitaitaja. Tatizo lake ni herufi moja. Kwenye barua ya ajira jina lake limeandikwa kwa L, kwenye kompyuta ya ofisi linasomeka kwa R. Basi, kwa herufi hiyo moja ameshapanda basi kutoka Korogwe hadi Dar mara nne.

Safari ya tano nikaenda naye. Kijana wa dirishani hakukosa adabu. "Shikamoo mama," akasema, akatazama kioo cha kompyuta. "Mama, tatizo ni mfumo. Mfumo hauruhusu."

Nikamuuliza, nani aliingiza hiyo R? Hajui. Nani ana mamlaka ya kuibadilisha? Watu wa kompyuta. Tukapanda ngazi kwa watu wa kompyuta. Nao wakasema wanabadilisha wakiletewa maelekezo. Maelekezo ya nani? Kimya. "Rudini Jumatatu."

Na mimi mwenye cheti cha 92 nikasimama pale nimeshika mkoba wa shangazi, sina la kusema.

Ndugu msomaji, hapo ndipo aibu iliponishika. Wiki ya kwanza kabisa ya kozi nilifundishwa kwamba mfumo wa taarifa una mambo matano: mashine, programu, data, taratibu na watu. Kwenye jaribio nikayataja yote, nikapewa alama zangu. Sasa pale ofisini mashine ilikuwa nzima, programu inafanya kazi, umeme upo. Kilichokosekana ni utaratibu wa kusahihisha kosa, na mtu wa kuusimamia. Yaani somo la wiki ya kwanza lilikuwa mbele ya macho yangu na mimi sikulitambua!

Kwa nini? Kwa sababu wiki zote kumi na mbili sikutakiwa kuitazama ofisi hata moja. Kazi kubwa ya mwisho ilisema: eleza mfumo wa taarifa wa taasisi moja. Nikaandika juu ya Walmart, jinsi wanavyowaonyesha wanaowaletea bidhaa takwimu za mauzo ili wajue lini walete mzigo mwingine. Walmart! Sijawahi kukanyaga mlangoni kwao. Nilichukua mfano uliokuwa kwenye masomo, nikageuza sentensi, nikaongeza mchoro wenye mishale. Mwalimu akaandika kwamba nimefanya vizuri sana.

Sasa nasema wazi. Kozi ya mifumo ya taarifa katika taasisi isiyomlazimisha mwanafunzi kuingia ndani ya taasisi ni sawa na kufundishwa kuogelea ukiwa umekaa barazani. Utazijua mbinu zote, na siku ya maji utazama.

Najua wapo watakaorukia hapa waseme, si tulisema, kozi za mtandaoni ni za kununulia vyeti! Hapana. Hapo mimi simo. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, wakati wengi wetu hata neno intaneti hatujalisikia, na watu wamesoma kwa mbali huku wako kazini na wanalea watoto. Kusoma kwa mbali si dhambi. Tena mwanafunzi wa mtandaoni mwenye kazi ana bahati ambayo mwenzake wa bwenini hana: kesho asubuhi anaamkia ndani ya taasisi. Kule kuna masijala, kuna stoo, kuna mhasibu anayekataa risiti. Halafu kozi inamwambia aviache vyote hivyo, akaandike juu ya Amazon!

Tazameni M-Pesa, kwa mfano. Jaribio lake la mwaka 2005 kule Kenya lilikuwa la watu kurejesha mikopo midogo kwa simu. Waliopewa simu wakaanza kutumiana pesa wao kwa wao. Wenye jaribio wakawatazama watu, wakabadili mpango, na mwaka 2007 huduma ikazinduliwa kama njia ya kutuma pesa. Na nyuma ya ule ujumbe wa simu kuna wakala, kuna kitambulisho, kuna namba ya siri, kuna floti ambayo ikiisha saa nane mchana mteja anahamia kibanda cha pili. Mwanafunzi akikaa na wakala siku moja tu, akamuuliza floti anaipata wapi na mteja akikosea namba inakuwaje, atajifunza kuliko kurasa zangu ishirini za Walmart.

Au nenda zahanati. Hapa kwetu tuna MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya. Mfumo huu ulianza miaka ya 1990 kwa vitabu na kalamu. Naam, mfumo wa taarifa usio na kompyuta! Leo takwimu zake zinakusanywa kwenye DHIS2, programu inayoendelezwa na Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo mizizi yake iko Afrika Kusini. Lakini namba bado inazaliwa pale pale, kwenye kitabu cha muuguzi ambaye yuko peke yake na foleni imefika nje. Akikosea kujumlisha mwisho wa mwezi, kompyuta kazi yake ni kulifikisha kosa wizarani haraka zaidi.

Mnadhani haya ni ya nchi maskini? Haya, twende Uingereza. Mwaka 1999 shirika lao la posta lilianza kufunga kwenye matawi mfumo wa hesabu unaoitwa Horizon, wa kampuni ya Fujitsu. Mfumo ukawa unaonyesha upungufu wa fedha. Waendeshaji wa posta ndogo wakaambiwa wameiba. Hadi mwaka 2015 zaidi ya 900 walikuwa wameshitakiwa. Wapo waliofungwa, wapo waliofilisika kwa kulipa pesa ambazo hazikupotea. Wengi waliambiwa wako peke yao, kwamba hakuna mwingine anayelalamika. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mfumo ulikuwa na hitilafu, na mwaka 2024 Bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile. Karibu robo karne nzima!

Na neno lililowamaliza watu wale ni lile lile la dirishani kwetu: kompyuta imesema. Kompyuta haisemi, jamani. Kuna mtu aliandika, kuna mtu alipanga nani aruhusiwe kugusa, kuna bosi aliyeamua kwamba akilalamika mwananchi basi mwananchi ndiye mwongo.

Turudi kwa shangazi. Unajua nani aliyetusaidia? Mzee wa masijala. Tulikuwa tunashuka ngazi kuondoka, akatuona sura zetu. Akamuuliza, "Mwalimu, ajira yako ya kwanza ilikuwa wapi?" Kisha akafungua daftari la kumbukumbu za majalada, akafuata kwa kidole, akatoa jalada. Barua ya kwanza ina L. Fomu iliyojazwa miaka mingi baadaye, kwa mwandiko ambao si wa shangazi, ina R. Ndiyo iliyoingizwa kwenye kompyuta. Mzee akaandika dokezo, akaambatisha nakala ya barua, akatuambia, "Mpelekeeni huyu wa chumba cha tatu, ndiye anayesaini. Asipokuwepo msimwachie mtu."

Siku nne baadaye R ikawa L.

Mzee yule hajasoma kozi ya mtandaoni. Lakini alijua taarifa ilizaliwa wapi, imepita mikono ya nani, na nani anaruhusiwa kuigusa. Hilo ndilo somo lenyewe! Na anastaafu mwakani. Akiondoka, elimu yake anaondoka nayo, maana haimo kwenye kompyuta na wala haimo kwenye kozi yangu ya 92.

Kwa hiyo vyuo, vya ndani na vya nje, mkitaka tuwaheshimu, kazi ya mwisho iwe moja: mwanafunzi achague ofisi anayoweza kuingia kwa miguu yake, afuate karatasi moja tangu inapozaliwa hadi inapolala, na aeleze kosa likitokea linasahihishwa na nani. Walmart waachieni watu wa Arkansas.

Na wewe unayesoma sasa hivi usiku kwa bando lako, usisubiri chuo. Kaandike juu ya masijala yenu. Utapata pengine 70 badala ya 92, lakini utakuwa umesoma.

Na sote tukiambiwa "mfumo hauruhusu", tusiondoke. Tuulize kwa upole maswali matatu: Nani aliandika? Nani anaruhusiwa kusahihisha? Anataka ushahidi gani? Asiyeweza kujibu hata moja, huyo hana mfumo. Ana kompyuta tu.

Shangazi jina limeshakaa sawa. Malipo yenyewe bado. Jumatatu tunarudi.

Nawasilisha.