Baiskeli si ishara ya ufukara: tuzichore njia za Nyandarua

"Umekosa nauli, Mwalimu?"

Swali hilo niliulizwa na mzee mmoja mwenye duka kule Gatura, Kaunti ya Murang'a, nilipotua mlangoni pake na baiskeli, jasho likinitiririka, kutaka maji ya kunywa. Hakuwa na nia ya kunikejeli. Aliuliza kwa huruma ya mtu aliyezoea kumkopesha jirani. Nilipomjibu kwamba nimependa tu kuzunguka kwa baiskeli, alinitazama kitambo, kisha akasema, "Mwalimu, sisi tuliwasomesha watoto ili waiache baiskeli."

Neno hilo limenikaa moyoni hadi leo. Naamini ndilo linalotufumba macho tusiione mali iliyo mlangoni petu, yaani njia za changarawe zinazopita katika vilima, misitu na mito ya upande wa mashariki wa Nyandarua. Maoni yangu ni kwamba njia hizo zichorwe, ziwekewe alama na zitunzwe kwa ajili ya baiskeli, na walimu na wanafunzi wawe watu wa kwanza kuzitumia.

Atazamaye ramani ya eneo hilo ataona mito iliyopangika kama vidole vya mkono uliokunjuliwa: Chania, Thika, Maragua, Mathioya na Gura. Yote hushuka kutoka msituni na hatimaye maji yake huingia katika Mto Tana. Baina ya mto na mto pana mgongo mrefu wa ardhi nyekundu, na juu ya mgongo huo ndipo zilipo barabara, shule, makanisa na masoko. Anayefuata mgongo hupanda taratibu, akiyapita mashamba ya kahawa, kisha ya majani-chai, hadi aufikie ukanda wa chai uliopandwa kuanzia mwaka 1986 kuwa mpaka baina ya mashamba na msitu. Lakini anayetaka kutoka mgongo mmoja kwenda mwingine hana budi kuteremka hadi mtoni, avuke, kisha aupande mlima upya. Katika vijia hivyo vya kukatisha ndimo mna raha yote, na taabu yote, ya mwendesha baiskeli.

Likizo moja ya Agosti niliandamana na wanafunzi saba katika vijia hivyo. Baiskeli walizokuja nazo zilikuwa za nyumbani, mbili kati yake zikiwa zile zinazobeba maziwa alfajiri. Miongoni mwao alikuwamo kijana ambaye darasani mistari ya kontua ilikuwa imemshinda kabisa. Tulipofika katikati ya mpando wa pili, akiisukuma baiskeli kwa mikono miwili, alisimama akihema na kusema, "Mwalimu, sasa nimefahamu kwa nini mistari ile husongamana." Sikuwa na haja ya kuongeza neno.

Msichana mmoja naye alitambua jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwa nimelipita mara nyingi. Kijito tulichokivuka karibu na msitu kilikuwa na maji maangavu, changarawe ikionekana chini. Kijito hicho hicho, tulipokutana nacho tena chini ya mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni, kilikuwa chekundu kama chai ya maziwa. Tuliketi tukajadili. Udongo huo unakwenda wapi? Baadhi ya maji ya milima hii hukusanywa katika bwawa la Ndakaini, lililokamilika mwaka 1994, lenye uwezo wa kuhifadhi mita za ujazo milioni 70, ambalo ni tegemeo kubwa la wakazi wa Nairobi. Kwa hivyo mkulima anayelima ukingoni mwa kijito kule mlimani na mama anayefungua mfereji kule Nairobi ni majirani, ijapokuwa hawajapata kuonana. Somo hilo walilisoma kwa miguu yao.

Wapo watakaosema kwamba hayo ni mchezo wa wageni wenye fedha. Ni kweli kwamba wageni wametutangulia kuithamini changarawe yetu. Tangu mwaka 2021, mashindano ya Migration Gravel Race yamewaleta waendesha baiskeli wa mataifa mbalimbali katika njia za Maasai Mara. Lakini tusisahau kwamba Chris Froome, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1985 na kushinda Tour de France mara nne, alifunzwa ujanani na Mkenya, David Kinjah, mkazi wa kijiji kilicho karibu na mji wa Kikuyu. Vilima vilivyomkomaza ni vilima vyetu. Je, ni watoto wangapi wa Gatanga, Kangema na Othaya wenye mapafu kama yake, ambao hawajapata mtu wa kuwaambia kwamba kupanda mlima kwa baiskeli ni kipaji?

Wapo pia watakaosema kwamba kusifu changarawe ni kuwanyima wananchi lami. Sina ugomvi na lami. Mkulima wa majani-chai aliyekwamishwa na matope huku mavuno yake yakiharibika hawezi kuhubiriwa uzuri wa barabara mbovu. Barabara kuu za migongoni zitiwe lami, tena ziachiwe nafasi ya baiskeli pembeni. Ninayoyatetea ni yale mapito madogo ya mtoni na ya ukingoni mwa msitu. Jimbo la Vermont nchini Marekani, nchi ya vilima, misitu na mito kama hii yetu, si maskini. Hata hivyo zaidi ya nusu ya barabara zake hazina lami. Hutunzwa zikiwa za udongo na changarawe, na watu husafiri kutoka mbali kwenda kuziendesha baiskeli.

Vermont hiyo hiyo inatukumbusha msiba. Mnamo tarehe 27 Agosti, 2022, Mkenya mwenzetu Suleiman Kangangi, nahodha wa timu ya Amani, alianguka katika mashindano ya changarawe huko na kufariki akiwa na umri wa miaka 33. Ninamtaja kwa heshima, na ili mwalimu yeyote asidhani kwamba ninayoyapendekeza hayana hatari. Changarawe huteleza. Mteremko haumsamehe mwenye breki mbovu. Wanafunzi wavae helmeti, breki zikaguliwe kabla ya safari, na miteremko mikali ishukwe kwa miguu. Tena ndani ya ua wa umeme unaouzunguka msitu wa Nyandarua, uliokamilika mwaka 2009, mna ndovu na nyati. Humo asiingie mtu bila idhini na bila askari wa misitu.

Hatari kubwa tuliyokutana nayo siku ile, hata hivyo, haikuwa ya baiskeli. Ilikuwa daraja la magogo lililopoteza mbao mbili. Tulizibeba baiskeli mabegani, tukavuka mmoja mmoja nikiwa nimeshika roho mkononi. Tulipofika ng'ambo tuliwakuta watoto wadogo watatu wakingoja tupishe ili wavuke kwenda dukani. Hao huvuka hapo kila siku, mvua inyeshe isinyeshe, na hakuna aliyewahi kuwaandika gazetini. Ndiyo maana nasema kwamba njia inayomfaa mwendesha baiskeli ndiyo inayomfaa mtoto wa kijiji. Daraja likitengenezwa kwa ajili ya mmoja, wote wawili watapita.

Tuanzie wapi basi? Mtaala wa Shule za Sekondari Pevu umetenga njia ya Sanaa na Sayansi ya Michezo, na umeifanya huduma kwa jamii kuwa sehemu ya masomo. Kila shule iliyo mgongoni na ichore ramani ya vijia vya eneo lake: palipo daraja, palipo chemchemi, palipo mteremko wa hatari, palipo fundi wa kuziba pancha. Ramani hizo ziunganishwe, zikabidhiwe kaunti na wasimamizi wa misitu. Kazi ya kaunti iwe kuweka vibao na kurekebisha madaraja. Na wakuu wa shule waliopiga marufuku baiskeli kuingia langoni, nami nawajua baadhi yao, wafikiri tena. Ukimkataza mtoto anayetembea kilomita sita asije na baiskeli, humlindi. Unamchosha kabla hajafungua kitabu.

Mzee wa Gatura alinipa maji na akakataa senti zangu. Nilipokuwa nikiondoka aliibonyeza tairi ya mbele kwa kidole gumba, akaniambia nijaze upepo kabla ya kuteremka mtoni. Nikamuuliza amejuaje. Akacheka. Alikuwa ameiendesha njia ile miaka kumi, akipeleka maziwa, na kila kona yake alikuwa nayo kichwani. Shime walimu, tuwatume wanafunzi wakamsikilize mzee huyo, daftari mkononi, kabla njia hizo hazijapotea pamoja na wanaozijua.