Insha Isiyo na Mwenyewe

Kijana mmoja wa sekondari, mtoto wa mtaani kwetu, amenionyesha aliyoyaandika juu ya somo lake la Kiingereza. Mwalimu alimtaka aeleze asomavyo na aandikavyo. Naye hakuficha: husoma mwongozo kabla ya kitabu chenyewe, na insha huzijaza maneno aliyoyahifadhi, mpaka theluji ikaanguka, ilhali baridi aijuayo ni ya kusi.

Wazee wenzangu watakilaumu Kiingereza. Mimi sikilaumu. Wahenga wetu walichukua herufi za Kiarabu wakaandikia Kiswahili, wala hawakupungukiwa.

Kasoro ni kwamba kijana huyu hamwandikii mtu. Mwana Kupona binti Msham alipotunga utendi wake mwaka 1858, hali ni mgonjwa, alikuwa akimuusia bintiye. Alijua asema na nani, na kwa nini. Ndipo tukausoma hata leo.

Mtaniambia kuwa chuoni nasi tulihifadhi kwanza, maana tukafunzwa baadaye. Ni kweli. Lakini yale ni maneno ya Mwenyezi Mungu, hayabadilishwi hata herufi. Insha ni kauli ya mja. Akiikariri ya mwenziwe, yeye hajasema kitu.

Basi walimu, mwambieni amweleze mgeni asiyeijua pwani jinsi jahazi litiwavyo kalafati, kwa Kiingereza hicho hicho. Nanyi wazazi, kabla ya kuuliza alama, muulizeni kitabu kimemwambia nini.