Acheni Kuniambia Piano Ni ya Wazungu

Leo sichekeshi. Kaa chini tuongee.

Juzi niliposti klipu ya sekunde 40. Okestra ndogo, watu kama 20 wa nyuzi tu, vayolini na chelo na ile besi kubwa ambayo mtu huipiga akiwa amesimama, na katikati dada mmoja Mkenya kwenye piano. Konsati ilikuwa Nairobi, mimi nilitoka Litein na matatu ya alfajiri. Tiketi na nauli zilikula pesa ya klipu mbili za harusi nilizohariri. Komenti zilizoingia zinafanana kama majani ndani ya kikapu kimoja. Umeanza kuwa mzungu. Hiyo ni muziki ya kulala. Wewe si uliacha chuo, huyo Chopin umemjulia wapi? Na ile iliyopata laiki nyingi kuliko klipu yenyewe: mwacha mila ni mtumwa, sisi ni Kalenjin na tuna muziki yetu.

Ya chuo sijibu. Ada ilinilemea mwaka wa pili, lakini masikio yangu sikuyaacha hosteli. Hiyo ya mwisho ndiyo nataka kuijibu polepole, kwa sababu aliyeiandika anadhani anatetea nyumbani, na ni yeye anayetumaliza.

Tuanze na Chopin mwenyewe. Muziki wa kipindi chake unaitwa wa Kiromantiki. Tulia, si mambo ya Valentine. Ni karne ya 19, wakati watunzi wengi wa Ulaya waliacha kuandika kama watu waliovaa kola ya kubana na wakaanza kuandika hasira, huzuni, hadithi za kwao na ngoma za vijijini kwao. Chopin alizaliwa 1810 karibu na Warsaw. Poland ya wakati huo haikuwa huru. Urusi, Prussia na Austria walikuwa wameigawana kama keki. Akiwa na miaka 14 alienda likizo kijiji kimoja kinaitwa Szafarnia, na huko akawasikia wakulima wakipiga na kucheza zao. Moja ya ngoma za huko ni ile tunayoijua kama mazurka.

Sasa sikia. Mwaka 1830, akiwa na miaka 20, yaani umri ambao wewe uko na mimi niko, Chopin alikaa mbele ya watu Warsaw akapiga koncherto yake ya piano ya F maina. Sehemu ya mwisho imejaa mazurka ya wakulima. Ni hiyo niliyoposti. Kuna mahali wapiga nyuzi wanageuza upinde na kugonga nyuzi kwa ule mti, si kwa nywele, na inatoka tak-tak-tak kavu kama vijiti. Nilicheka kwa sauti ukumbini, mama aliyekaa mbele yangu akageuka kuniangalia kama mtoi aliyemwaga soda. Manze, ningefanyaje? Katikati ya masuti na viatu vya kung'aa kulikuwa na sherehe ya kijijini, mahindi yameshachomwa, mzee fulani ameshalewa.

Mwisho wa mwaka huo Chopin alisafiri. Nyuma yake Wapoland wakaasi dhidi ya Urusi, maasi yakazimwa 1831, na hakurudi kwao tena hadi alipokufa Paris 1849. Huko ugenini aliendelea kuandika mazurka, na jumla ya alizoandika maishani ni zaidi ya 50. Kwa hivyo ukimwita huyo mkoloni, buda, hata wewe jiulize umesoma nini. Huyo ni mtoto wa nchi iliyotawaliwa.

Grieg naye. Norway, 1868, akiwa na miaka kama 25, na nchi yake iko chini ya mfalme wa Sweden, hali iliyoendelea hadi 1905. Aliandika koncherto ya piano ya A maina, na mwisho wake unaenda kwa mdundo wa halling. Halling ni ngoma ya kuruka. Mtu anashika kofia juu ya fimbo, kijana anaruka na kuipiga teke kofia ianguke. Ndivyo walivyopimana huko mashambani. Kama umekulia hapa kwetu na hiyo haikukumbushi kitu, basi muziki unaosema unautetea huujui.

Tuje Kapkatet. Ndiyo, Kapkatet hii hii unayopita ukienda Sotik. Mwaka 1950 mtu anaitwa Hugh Tracey alifika huku na mitambo ya kurekodi. Wasichana wa Kipsigis wakamwimbia wimbo kuhusu Chemirocha. Chemirocha ni nani? Ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Marekani aliyekufa 1933. Watu wa huku walikuwa wamemsikia kwenye santuri, jina likapita kwa ulimi wetu likatoka Chemirocha. Kufikia hapo hakuwa tena Mmarekani. Kwenye maelezo ya Tracey, wasichana walikuwa wamemgeuza kiumbe nusu mtu nusu swara, na wanamhimiza acheze ngoma yetu ya kuruka, aruke kwa nguvu mpaka atoke ndani ya nguo zake. Chini yao kuna mlio wa chepkong'o, kinubi chetu.

Unaona walichofanya? Wasichana wa kijijini, 1950, hawakusema "hiyo ni ya wazungu". Walimchukua mzungu wa kwenye santuri, wakamvisha kwato, wakamwambia aruke kwa mtindo wetu. Huo ndio ujasiri. Miaka 70 na zaidi baadaye sisi wajukuu wao, na simu zenye kila wimbo wa dunia, tunaogopa piano.

Na rekodi ilienda wapi? Ilikuja kukaa Afrika Kusini kwenye maktaba ya ILAM, ambayo Tracey aliianzisha 1954. Dunia imeusikiliza huo wimbo, wanamuziki wa nje wameupenda, umeandikwa na kujadiliwa. Ilichukua zaidi ya miaka 60 ndipo ILAM, wakishirikiana na watu wa Ketebul Music wa Nairobi, wakarudisha nakala kwa Wakipsigis. Sasa fanya hesabu unayoijua tangu utotoni. Mamako anachuma majani, yanapimwa kilo, yanaenda kiwandani. Sehemu kubwa ya chai yetu inapita mnada wa Mombasa ikiwa kwa magunia, inachanganywa na kupakiwa nchi za watu, halafu unaikuta kwenye rafu na picha nzuri ya kilima. Kila msimu wa bonasi tunalia kwamba pesa imebaki kwa anayepakia. Chemirocha ni hiyo hiyo. Wimbo ulichumwa Kapkatet, ukapakiwa kwingine.

Tofauti ya Chopin ni kwamba mazurka aliipakia mwenyewe. Alichukua kitu cha kijijini kwao, akakiweka kwenye ala kubwa kuliko zote za wakati wake, na leo mtoto wa Japani anafanya mazoezi miaka kumi ili acheze ngoma ya mkulima wa Poland. Nani ameiandikia Chemirocha koncherto? Nani ameketi na chepkong'o upande mmoja na vayolini nane upande wa pili akauliza wataongeaje? Piano ndiyo tunaiita ya wazungu, na kinubi tumewaachia wazee wanaozikwa nacho.

Wewe wa mwacha mila ni mtumwa, nakuuliza kwa heshima. Chepkong'o umeigusa lini mara ya mwisho? Unaweza kuimba wimbo mmoja wa kogo wako kutoka mwanzo hadi mwisho? Mila unayoitetea ni ipi, ile ya kubonyeza laiki?

Najua hasira inatoka wapi, na siidharau. Kilima hiki si bustani tu. Kuanzia 1934 serikali ya kikoloni iliwaondoa Watalai na kuwapeleka Gwassi. Mashamba makubwa ya chai yakatandazwa, na burudani ya mabwana shamba ilikuwa ya klabu ambayo babu yako angeingia kwa mlango wa jikoni. Kwa hivyo mtu akiona suti nyeusi na piano anaona ule mlango. Sawa. Lakini hasira ya ardhi ielekezwe kwa ardhi. Vayolini haikuchukua ekari ya mtu.

Halafu tuseme ukweli, huo muziki tayari unaishi ndani ya nyumba zetu na hatujauita kwa jina. Kenya Music Festival iko tangu 1927. Nani kati yenu hajasimama kwenye mstari na soksi zimevutwa hadi magotini akiimba sauti nne kwa do-re-mi? Krismasi kwaya ngapi za huku zinaimba Haleluya ya Handel, na mzee wa besi anapasua paa? Hapo hakuna anayeitwa mzungu. Kumbe shida si sauti. Shida ni pale tunapoambiwa tukae, tusikilize, na hakuna chakula.

Kuna msichana anapiga kinanda kanisani kwetu. Amejifunza kwa YouTube, usiku, wakati bando ni rahisi. Anasikia wimbo mara mbili anaupata. Piano ya kweli ameigusa mara moja maishani, dakika tano, akaambiwa asiiharibu. Baada ya komenti zenu alinitumia ujumbe: "Kaka, kwani na mimi wataniita mzungu?" Nilimwambia kuhusu Clara Wieck, ambaye baadaye aliitwa Clara Schumann. Mwaka 1835, Leipzig, alipiga koncherto ya piano aliyoitunga yeye mwenyewe, akiwa na miaka 16. Yeye ana 17. Alinijibu na emoji moja ya kulia na swali: "Alikuwa na piano nyumbani?" Alikuwa nayo. Babake alikuwa mwalimu wa piano.

Hilo swali ndilo lingejaza komenti, si hizo zenu. Kwa sababu Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imewapa kaunti kazi ya utamaduni, burudani ya umma, maktaba na makumbusho. Imeandikwa. Sasa nitajie ukumbi mmoja wa umma Kericho au Bomet wenye piano iliyosawazishwa, ambao mtoto wa mchuma chai anaweza kuingia saa kumi jioni akafanya mazoezi bila kuomba mtu. Nangoja. Nitajie mwalimu mmoja wa nyuzi anayelipwa na kaunti. Bado nangoja. Mfumo mpya una njia ya Sanaa na Michezo sekondari ya juu, nzuri sana kwenye karatasi, na muziki haufundishwi kwa ubao na chaki. Kinachopatikana haraka ni jukwaa, spika kubwa, na msanii wa kumchangamkia mheshimiwa kabla hajaongea. Hiyo bajeti haikosi.

Msiniambie hakuna pesa. Ghetto Classics ilianza 2008 Korogocho, kwa kazi ya Elizabeth Njoroge, jirani kabisa na jaa la taka la Dandora. Watoto wa pale wanapiga vayolini na tarumbeta, na moshi wa taka ndio hewa yao. Kama iliwezekana hapo, Kericho yenye mvua na hewa safi tunajitetea na nini?

Na ninyi wa Nairobi msicheke huko nyuma. Okestra ya Nairobi iko tangu miaka ya 1940, Kenya Conservatoire of Music tangu 1944. Hongera. Lakini konsati zenu zinaishi Westlands na Karen kana kwamba nchi inaisha Rironi. Mara ya kwanza mniletee okestra Kapkatet, hata watu 12, hata bila piano, hata kwenye uwanja wa shule, nitawatafutia mursik na pa kulala. Msije na hotuba ya kutustaarabisha. Njooni na karatasi tupu za nota. Mkishapiga Grieg, mzee achukue chepkong'o, mnyamaze, mwandike.

Mimi sijui kusoma nota vizuri, ninajifunza. Najua kurekodi. Kwa hivyo kuanzia mwezi ujao kila Jumamosi nitakuwa barabarani kati ya Litein, Kapkatet, Sotik na Longisa, na simu na maikrofoni ya kuazima. Kama kugo wako bado anapiga chepkong'o, au kuna moja imening'inia jikoni haina nyuzi, niandikie inboksi, niambie kijiji. Kila mzee atapata rekodi yake siku hiyo hiyo, kwa simu ya mjukuu wake, kabla sijapanda matatu. Yule msichana amekubali kuja na kinanda chake, bora mvua isinyeshe. Na wewe wa mwacha mila ni mtumwa, nimekubakishia nafasi ya kubeba spika.