Mama yupo nyumbani, lakini yupo kazini



Tarehe 27 na 28 Januari 2025 jiji letu liliwapokea wakuu wa nchi za Afrika waliokuja kuzungumzia nishati katika Ukumbi wa Kimataifa wa Julius Nyerere. Barabara kadhaa za katikati ya mji zilifungwa, na Serikali ikawaelekeza watumishi wa umma wa Dar es Salaam wafanyie kazi nyumbani, isipokuwa wale ambao kazi zao hazifanyiki ila kituoni. Ofisi ninayofanyia kazi ni ya binafsi, ya uwakala wa forodha, si mbali na Feri. Nayo iliona heri ifuate. Nyaraka zetu siku hizi hupita kwenye mtandao, hivyo nilibeba kompyuta mpakato nikapanda ngazi za ghorofa tunaloishi Kariakoo, nina furaha ya mtu aliyepewa siku mbili za mapumziko.

Adhana ya Adhuhuri ya siku ya kwanza ilinikuta furaha ile imekwisha.

Tuna watoto watatu: mmoja wa darasa la pili, mmoja wa miaka minne, na mdogo ambaye wakati huo alikuwa bado ananyonya. Nilijifungia chumbani, nikawaambia wasigonge mlango kwa kuwa baba yupo kazini. Nikasikia mama yao akiwanong'oneza, kisha wakatolewa wote hadi kwenye korido, na nyumba ikatulia. Nikamshukuru Allah kwa watoto wasikivu. Nilipotoka kwenda kutia udhu nilimkuta mke wangu amekaa kwenye ngazi, mdogo yupo kifuani, wa pili anamvuta mtandio, na simu ameibana kati ya sikio na bega, akimwomba radhi mteja wa Mtwara ambaye khanga zake hazikuwahi basi. Hazikuwahi kwa sababu yeye, ambaye kila asubuhi hufunga mizigo na kumkabidhi kijana wa bodaboda mapema, siku ile alikuwa akiwatuliza watoto ili mimi nifanye kazi.

Wasomaji wengi wa ukurasa huu wanaijua biashara ya namna hii. Mama hupiga picha za khanga, madera au vyombo kwenye duka la jumla, huziweka WhatsApp, na akipata oda hununua, huongeza faida yake ndogo, hufunga mzigo na kuupeleka kwenye basi. Hana fremu wala halipi pango. Kwa macho ya majirani hana kazi vilevile. "Yupo tu nyumbani." Kama katibu nimeyaandika maneno hayo mara nyingi katika daftari la suluhu pale msikitini, kwa kuwa ndiyo kauli ya kwanza ya mume anapoulizwa kwa nini hamsaidii mwenzake. Nilikuwa nikiyaandika kwa utulivu kabisa, kama mtu anayeandika habari za wengine.

Kazi yangu na kazi yake zote zilifanyika chini ya paa moja siku ile. Zilichotofautiana ni kwamba mimi nilikuwa na mlango wa kufunga. Yeye amefanya kazi miaka mitatu bila mlango. Na tangu Kariakoo ilipotangazwa kuwa soko la saa 24, meseji za wateja haziangalii tena kwamba ni usiku.

Nilisoma chuo cha Kiislamu, na nakumbuka tulivyoupita haraka mlango wa nafaqa, sote tukiwa vijana wasio na wake. Niliurudia usiku ule. Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, anaeleza katika Minhaj, kitabu kinachotegemewa katika madhehebu yetu ya Shafi, kwamba mama analazimika kumnyonyesha mwanawe yale maziwa ya mwanzo. Baada ya hapo, ikiwa yupo mwingine wa kumnyonyesha, mama halazimishwi, na gharama ni ya baba. Na aya ya 233 ya Suratul-Baqarah, baada ya kutaja miaka miwili kamili ya kunyonyesha, inamwekea baba jukumu la chakula na mavazi ya mama, kisha inaeleza kwamba wazazi wakitaka kumwachisha mtoto kabla ya muda huo, iwe kwa kuridhiana na kushauriana. Ikiwa kuachisha ziwa kunahitaji mashauriano, vipi kuhusu nani amshike mtoto saa nne asubuhi mama anapofunga mizigo? Katika nyumba yangu suala hilo halikuwahi kushauriwa hata mara moja. Lilijiamulia lenyewe, na liliamuliwa dhidi ya mmoja.

Naomba nisieleweke vibaya. Simwambii mama yeyote amwache mtoto wake akakimbizane na oda. Ninachosema ni kwamba mengi ambayo wake zetu huyafanya nyumbani ni ihsani yao, na sisi tumeigeuza ihsani kuwa deni, kisha tunalidai kwa sauti kubwa. Kuhusu faida wanayoipata, aya ya 32 ya Suratun-Nisaa imekwishaeleza kwamba wanawake wana fungu katika wanachokichuma kama wanaume walivyo na lao. Katika nyumba ngapi za Kariakoo faida hiyo ndiyo inayonunua umeme wa Luku na kulipa ada ya madrasa, na baba akakaa kimya? Anayekula matunda ya kazi hana uso wa kusema kazi haipo.

Alipoulizwa Bi Aisha (r.a.) Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, alijibu kwamba alikuwa katika huduma ya ahali zake, na ulipofika wakati wa Swala alitoka kwenda kuswali. Ameipokea Imamu Bukhari. Na katika Bukhari na Muslim, Abu Qatada (r.a.) anasimulia kwamba Mtume (s.a.w.) aliswali huku amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zaynab, akisujudu humweka chini, akisimama humbeba tena. Hadithi hii nimeifundisha. Hata hivyo siku ile sikuweza kujaza fomu moja ya forodha mtoto akiwa pajani, na fomu ya forodha haihitaji khushui.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama aliyeajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na akirudi kazini ana haki ya saa mbili kwa siku za kunyonyesha. Baba anapata siku 3, nami nilizitumia kupokea wageni. Mama anayeuza kwa simu hana mwajiri wa kumpa hata dakika kumi. Aliye karibu naye zaidi kumpa muda huo ni mume.

Jioni ya siku ya pili tulikaa tukapangana. Kabla sijatoka asubuhi mimi ndiye ninayewaogesha wawili wakubwa na kumpeleka wa darasa la pili shule, na yeye hufunga mizigo yake bila kuitwa. Baina ya Magharibi na Isha watoto ni wangu, wanasoma Juzuu zao kwangu, naye anakaa na daftari lake la hesabu. Baada ya saa tatu usiku simu ya biashara inazimwa. Nauli ya kuusafirisha upya mzigo wa Mtwara niliilipa mimi. Wiki ya kwanza niliusahau mpango mara mbili, na wateja wawili wa usiku walihamia kwa muuzaji mwingine, jambo lililomuuma. Sijui kama mpango huu utamfaa kila mtu, maana kazi hazifanani. Ndugu mmoja, dalali wa samaki pale Feri, hutoka kabla ya Alfajiri kuwahi mnada, na mchana amekwisharudi. Mkewe anawasomesha Qur'an kwa simu watoto wa jamaa walioko Oman, na vipindi vyake ni vya alasiri. Huyu ndugu huwachukua watoto tangu baada ya Adhuhuri. Wenzake wa mnadani walimcheka walipomkuta ana mtoto mgongoni akinunua ndizi. Akawaambia kwamba kreti za samaki anazobeba kila siku ni nzito kuliko mtoto huyo.

Watakuwepo watakaosema: leteni msaidizi. Sawa, kwa mwenye uwezo, na kwa ujira unaoeleweka. Lakini sheria yetu haimruhusu mtoto wa chini ya miaka 14 kuajiriwa, na hata aliyefika umri huo ni kwa kazi nyepesi isiyomzuia kusoma. Nimewahi kuingia katika nyumba ambamo mtoto wa nyumba yupo shule na aliyeletwa kumlea ni mtoto kama yeye. Hapo tumemkosesha mmoja malezi ili kumlea mwingine. Kuhusu kumpa mtoto simu ili anyamaze, sitasema mengi, kwa kuwa hata mimi siku ile nilimpa.

Lipo jambo linalotuhusu sisi wa kamati. Ghorofa zetu hazina ua, na mtaa umejaa bidhaa na mikokoteni. Mtoto wa miaka minne hana pa kukimbia mpaka apelekwe Mnazi Mmoja. Wakati huohuo chumba cha madrasa hukaa kimefungwa kuanzia asubuhi hadi Adhuhuri. Nimependekeza kifunguliwe saa tatu hadi saa sita kwa watoto wadogo wa mama wanaofanyia kazi nyumbani, chini ya walimu wawili wa kike watakaolipwa na wazazi wenyewe. Mzee wetu mmoja amepinga. Anasema kelele zitawasumbua wanaosoma Qur'an msikitini, na kwamba watoto wa umri huo hawaaminiki kwa twahara. La twahara lina uzito, na nimeomba mikeka ipangwe mbali na sehemu ya kuswalia. La kelele nilimjibu kwamba Mtume (s.a.w.) aliposikia mtoto akilia katika Swala aliifupisha kwa kumhurumia mama yake, na hatujapokea kwamba aliamuru watoto waondolewe. Mzee hakujibu, lakini hakukubali pia.

Kikao ni Jumamosi baada ya Isha, na mhazini ameombwa aje na bei ya mikeka. Mama wenye watoto wa umri huo wapeleke majina yao kwa mwalimu wa madrasa kabla ya Ijumaa, kwani swali la kwanza nitakaloulizwa ni idadi yao. Na akina baba wanaweza kuyapeleka majina hayo pia.